Kwa nini kipande kimoja cha sinema hakitutoki moyoni?

Mazungumzo ya redio kwa ajili ya amani. Yameandikwa kwa vikundi vya wasikilizaji wa Masisi na Walikale.

(Muziki)

MTANGAZAJI: Mama na baba, vijana na wazee, jambo sana. Tunawasalimu ninyi wote mlio Kitchanga, Mweso, Nyabiondo, Rubaya, na ninyi wa Pinga, Kibua, Mubi na Njingala. Tunawasalimu pia ndugu waliokimbia makwao, ambao leo wanatusikiliza wakiwa katika nyumba za watu. Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya mashamba, ng'ombe na bariera. Leo tutazungumza juu ya sinema. Usizime redio, ndugu msikilizaji. Utaona kwamba jambo hili linagusa amani yetu. Mwalimu, karibu.

MWALIMU: Asante sana dada. Jambo kwenu wote.

MTANGAZAJI: Mwalimu, kuna jambo linalonishangaza. Mtu anatazama filamu saa mbili nzima. Baada ya mwaka mmoja amesahau karibu yote, lakini kipande kimoja kidogo, cha dakika mbili au tatu, bado anakiona akifumba macho. Kwa nini?

MWALIMU: Swali hilo ni zuri, na jibu lake lina sehemu nyingi. Nitazitaja moja moja, na kwa kila sehemu nitatoa mfano, ili hata yule ambaye hajaona filamu hiyo aweze kufuata.

Jambo la kwanza: ni lazima tumjue mtu kabla ya msiba wake kumfikia. Wazee wetu walisema, kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mtu wa mbali hawezi kulia kama hajui ni nani aliyekufa. Mtengenezaji wa filamu aliye fundi anafanya kazi ya kutuleta karibu, ili tuwe kama watu wa nyumba hiyo.

Chukueni filamu ya Charlie Chaplin ya mwaka 1921, iitwayo The Kid, maana yake Mtoto. Ni filamu ya zamani sana, haina sauti ya maneno. Maskini mmoja anaokota mtoto mchanga aliyetupwa, anamlea. Tunawaona wakila pamoja. Tunamwona mtoto, akiwa na umri kama wa miaka mitano, akipika chapati na kumwita baba yake aamke. Tunacheka. Halafu wanakuja watu wa serikali na gari, wanamchukua mtoto kwa nguvu kumpeleka katika nyumba ya yatima. Mtoto amesimama ndani ya gari, amenyoosha mikono, machozi yanamtoka, anaomba. Baba anakimbia juu ya mapaa ya nyumba, analifuata gari lile, anarukia ndani yake, na wanakumbatiana.

Kama tungeonyeshwa kilio kile tu, tungesema, masikini mtoto, kisha tungesahau. Lakini tulikwisha kula chapati pamoja nao, na kwa hiyo ni mtoto wetu anayechukuliwa. Tena Chaplin mwenyewe alikuwa na kidonda. Mwezi wa 7 mwaka 1919 mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa na siku tatu tu.

MTANGAZAJI: Na filamu hiyo haina maneno, kwa hiyo Muhunde, Munyanga, Mhutu, Mtutsi, Mtembo, wote wanaielewa sawasawa.

MWALIMU: Kabisa dada. Mikono ya mtoto anayenyang'anywa mzazi wake haihitaji mkalimani.

Jambo la pili: mtu anachagua, na kila njia mbele yake ina gharama. Hapa nitatoa mfano wa kwetu Kongo. Raoul Peck ni mtu wa Haiti aliyekulia Kinshasa. Mwaka 2000 alitoa filamu iitwayo Lumumba. Ndani yake kuna safari ya mwisho ya Patrice Lumumba, mwishoni mwa mwaka 1960, alipokuwa anakimbilia Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Anafika mto Sankuru. Akivuka, askari wanaomtafuta hawatampata upesi. Lakini mke wake Pauline na mtoto wao mdogo Roland wamebaki ng'ambo, na askari wanawafikia. Lumumba anarudi, na anakamatwa.

Angalieni kipande hicho kina nini. Kina mto, mtumbwi, na familia iliyo upande mwingine. Mtu yeyote wa Walikale aliyewahi kuvuka Lowa au Oso usiku na watoto anaelewa. Moyoni mwako unamwambia, songa mbele, usirudi. Halafu unajiuliza, kama ni mimi, ningewaacha? Hapo filamu imekukamata. Tangu dakika hiyo umekuwa mtu wa kuamua pamoja na yule anayeamua.

MTANGAZAJI: Lakini Mwalimu, wako wanaosema filamu nzuri ni ile yenye damu nyingi na milio mingi ya risasi. Vijana katika nyumba za video wanapenda hizo.

MWALIMU: Wanazipenda, ndiyo. Lakini waulize kesho yake ni nani aliyekufa wa ishirini na tano. Hawajui. Damu nyingi inachosha macho. Na hili ndilo jambo la tatu: mara nyingi kinachofichwa kina nguvu kuliko kinachoonyeshwa.

Katika filamu Hotel Rwanda, ya mwaka 2004, kuna watu wawili ndani ya gari alfajiri. Ukungu ni mzito, kama ule wa milima yetu ya Masisi. Gari linaanza kurukaruka, wanadhani wamekosa barabara. Yule mmoja anafungua mlango ashuke atazame, na ndipo anapogundua kwamba wanapita juu ya watu waliouawa. Ukungu unapoondoka kidogo, barabara yote imejaa maiti. Mtengenezaji wa filamu hakuonyesha panga hata moja katika kipande hicho. Kwanza alitufanya tuhisi kwa mwili, kwa kule kurukaruka kwa gari, kabla macho hayajajua.

Sauti nayo inafanya kazi hiyo. Jirani zetu wa Rumangabo, katika Rutshuru, walionekana katika filamu Virunga ya mwaka 2014. Humo yuko mlinzi mmoja, André Bauma, aliyelea sokwe yatima. Vita vya mwaka 2012 vinakaribia, milio ya silaha nzito inasikika, naye anabaki na wanyama wake. Hatuhitaji kumwona askari anayefyatua. Sisi sote tulio Kivu tunajua sauti ile, na tunajua mtu anahesabu nini moyoni anapoisikia. Mmoja wa sokwe wale, Ndakasi, aliokotwa mwaka 2007 akiwa ameshikamana na maiti ya mama yake. Alikufa mwaka 2021, mikononi mwa Bauma yuleyule.

MTANGAZAJI: (baada ya kimya kidogo) Mwalimu, endelea.

MWALIMU: Unaona dada, umenyamaza kidogo, na wasikilizaji nao wamenyamaza. Hilo ndilo jambo la nne: kimya na muda. Filamu mbovu inaogopa kimya, inajaza muziki kila mahali kama mtu anayekulazimisha ulie. Filamu nzuri inakuachia nafasi.

Mwaka 2017 Mfaransa Emmanuel Gras alitoa filamu iitwayo Makala. Inamfuata mwanamume mmoja wa Lualaba, Kabwita Kasongo. Anaangusha mti mkubwa kwa shoka, anachoma makala, anapakia magunia juu ya baiskeli mpaka baiskeli haionekani, kisha anaisukuma kama kilomita 50 mpaka Kolwezi. Hiyo ndiyo habari yote. Lakini kamera inakaa naye. Inamtazama anavyosukuma, anavyopumua, anavyopumzika, anavyosukuma tena. Katika ukumbi watu wanaanza kukaza mabega, kama wao ndio wanaosukuma. Ninyi wenye chukudu, mnaoteremsha viazi na mbao, hamna haja ya kuelezwa. Filamu hiyo ilipata tuzo kule Cannes, Ufaransa, mwaka huohuo. Watu waliovaa vizuri sana, ambao hawajabeba gunia maishani, walimheshimu mtu wa makala kwa sababu filamu iliwapa muda wa kuchoka pamoja naye.

MTANGAZAJI: Na tulisikia kwamba hata Walikale yetu ilipigwa filamu.

MWALIMU: Ndiyo. Mwaka 2010 Mdani mmoja, Frank Piasecki Poulsen, alitoa filamu juu ya madini yanayoingia ndani ya simu. Jina lake ni Blood in the Mobile, yaani Damu ndani ya Simu. Alifika Bisie, wakati ule ambapo maelfu ya wachimbaji walikuwa wanatoa kasiteriti kwa mikono, na watu wenye bunduki wanakula jasho lao. Aliingia ndani ya shimo pamoja na kijana mdogo. Siku hizi Bisie imebadilika. Tangu mwaka 2019 kampuni inatoa bati pale kwa mitambo. Lakini kipande kile cha shimo kimebaki.

Kwa nini kimebaki? Kwa sababu ya jambo la tano, na hapo wasikilizaji naomba mtege masikio: picha inapata maana yake kutokana na picha iliyo kando yake. Filamu ile inatutoa kwenye matope na giza la Bisie, inatupeleka kwenye ofisi safi za kampuni ya simu kule Finland, zenye vioo na sakafu inayong'aa. Ukionyeshwa shimo peke yake, utasema, maisha ni magumu. Ukionyeshwa ofisi peke yake, utasema, Ulaya ni pazuri. Ukionyeshwa moja baada ya nyingine, unauliza, nani anamla nani? Swali hilo halimo katika picha ya kwanza wala ya pili. Limezaliwa katikati yao.

Jambo hilo lilijulikana zamani. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kule Moscow, mwalimu mmoja wa sinema, Lev Kuleshov, alichukua uso wa mchezaji mmoja, uso mtulivu usio na furaha wala huzuni. Akaunganisha uso huo na picha ya bakuli la supu. Kisha uso uleule na jeneza. Kisha uso uleule na mtoto anayecheza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mchezaji yule: anavyoonyesha njaa, anavyoonyesha huzuni, anavyoonyesha upendo! Kumbe uso ulikuwa ni mmoja, haukubadilika. Watazamaji ndio waliotia huzuni na njaa kutoka mioyoni mwao.

MTANGAZAJI: Basi Mwalimu, kama ni hivyo, mtu mbaya anaweza kutumia ujuzi huo kutudanganya.

MWALIMU: Dada, hapo ndipo nilipotaka kufika. Yote tuliyosema, kumjua mtu, kuficha, sauti, kimya, kuunganisha picha, ni kama panga. Panga linalima shamba, na panga linaua.

Nitasimulia jambo nililoliona mwenyewe. Katika kijiji kimoja cha Masisi, ambacho sitakitaja, siku ya soko kijana mmoja alikuwa na video ndani ya simu. Nyumba zinaungua, watu wamelala chini, mama analia. Juu yake mtu ameweka wimbo wa kilio, na ameandika kwamba haya wametendewa watu wetu na watu wale, juzi, karibu na hapa. Simu ilipita mkono kwa mkono. Baada ya nusu saa, kina mama wa upande mmoja walianza kufunga vitu vyao. Vijana wa upande mwingine walianza kukusanyika kwenye kona. Hakuna aliyesema neno baya bado, lakini soko lilikuwa limekwisha kupasuka.

Mama mmoja mzee, muuza fromaji, akaomba simu. Akaivuta karibu na macho, akatazama mpaka mwisho, akatazama tena. Kisha akauliza kwa sauti kubwa: "Enyi watoto, hiyo ni Masisi gani isiyo na kilima hata kimoja?" Watu wakarudi kutazama. Kweli, nyuma ya nyumba zile ardhi ilikuwa tambarare, mchanga mwekundu, miti mikavu. Hakuna mgomba, hakuna mlima, hakuna ukungu. Kijana mmoja akazima wimbo ule, na chini yake ikasikika lugha ambayo hakuna mtu sokoni aliyeijua. Wale watu walikuwa wamekufa kweli, Mungu awapumzishe, lakini walikufa katika nchi nyingine. Kilio chao kiliibwa ili kituue sisi.

MTANGAZAJI: Na soko?

MWALIMU: Soko liliendelea, ingawa watu wengi walirudi nyumbani mapema siku ile. Ninyi wazee mnakumbuka kwamba mwezi wa 3 mwaka 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, pale Walikale, yakapanda mpaka Masisi yote. Wakati ule hatukuwa na simu. Maneno ya mdomo yalitosha. Leo maneno yamepata picha na muziki. Na vita vilipofika Masisi-centre Januari 2025 na Walikale-centre Machi 2025, kila mtu alikuwa na video yake ya kuonyesha. Nyingine zilikuwa za kweli. Nyingine zilikuwa kama ile ya fromaji.

MTANGAZAJI: Sasa Mwalimu, tufanye nini? Tusitazame tena?

MWALIMU: Hapana, tutazame. Lakini tutazame kama yule mama. Picha ikikuchoma moyo, jiulize mambo manne kabla hujaipitisha kwa mwenzako. Hapa ni wapi: milima, mimea, nyumba, vinafanana na vya mahali panaposemwa? Ni lini? Lugha gani inasikika ukiondoa muziki? Na nani ananipa picha hii, anataka nifanye nini? Kama jibu la mwisho ni kwamba anataka nimchukie jirani yangu kabla jua halijatua, mrudishie simu yake.

Tena, ujuzi huohuo unaweza kujenga. Dada wawili mapacha wa Uholanzi, Ilse na Femke van Velzen, walitengeneza filamu juu ya ubakaji katika vita vya kwetu. Ya kwanza ilitoka mwaka 2007, ya pili, Weapon of War, mwaka 2009. Filamu zao zilizungushwa vijijini, mashariki ya Kongo, kwa sinema ya kutembea: kitambaa cheupe, jenereta, na watu wamekaa chini. Katika ile ya mwaka 2009 yumo mpiganaji wa zamani anayeamua kwenda kukutana na mwanamke aliyembaka, ili aombe msamaha.

Fikirini uzito wa kipande hicho. Hakuna risasi, ni watu wawili tu. Kila anayetazama anasubiri mwanamke yule atasema nini, na hakuna mwenye haki ya kumjibia. Wala mimi sitawaambia kwamba ni lazima mama aliyeumizwa asamehe. Hiyo ni kazi yake mwenyewe, na haki ya sheria ni jambo jingine linalobaki palepale. Ninachosema ni kwamba mtu anayetazama kipande hicho anaweza kujiona kwa mara ya kwanza akiwa upande ambao hakuuzoea. Mwanamume anaona uso wa aliyeumizwa. Aliyewahi kushika bunduki anaona ukubwa wa deni lake.

MTANGAZAJI: Lakini filamu kama hiyo inaweza pia kufungua vidonda.

MWALIMU: Umesema kweli dada. Hilo ndilo jambo la sita na la mwisho: kipande cha filamu kinakaa ndani yetu kwa sababu kimekuta kitu kilichokuwamo tayari. Aliyepoteza mtoto barabarani akimwona mtoto wa Chaplin ndani ya gari, hatazami Chaplin. Anamtazama wake. Kwa hiyo ninyi mnaoonyesha sinema vijijini, nawasihi. Waambieni watu mapema filamu inahusu nini. Watoto wadogo waende kulala kama ina mambo ya vita. Waacheni watu waondoke bila kuulizwa. Wawepo mama au baba wenye hekima wa kukaa na atakayelia. Na msiwashe muziki wa kucheza mara filamu inapokwisha. Washeni taa, nyamazeni kidogo, kisha mzungumze. Filamu bila mazungumzo ni kama daktari anayepasua jipu na kwenda zake.

MTANGAZAJI: Mwalimu, muda wetu unakwisha. Neno la mwisho?

MWALIMU: Ni ombi tu. Leo jioni, mwombe jirani yako wa kabila jingine akusimulie kipande kimoja cha sinema ambacho hakijamtoka moyoni, na akuambie kwa nini. Usimkatize. Utasikia habari za filamu kwa dakika mbili, kisha utasikia habari za maisha yake.

MTANGAZAJI: Asante sana Mwalimu. Na ninyi wasikilizaji, asanteni kwa kutega masikio. Amani kwenu, Masisi na Walikale.

(Muziki)

MASWALI YA MAZUNGUMZO KATIKA VIKUNDI

1. Taja kipande kimoja cha filamu unachokikumbuka. Kati ya mambo sita aliyoeleza Mwalimu, ni lipi lililokufanya ukikumbuke?

2. Lumumba alipofika ng'ambo ya Sankuru, wewe ungefanya nini? Kila mmoja aseme, wengine wasikilize bila kumcheka.

3. Je, umewahi kupokea ndani ya simu picha iliyokufanya umwogope au umchukie jirani? Ulifanya nini nayo? Leo ungefanya nini?

4. Kwa nini watu wote sokoni waliona video ileile, lakini mama mmoja tu ndiye aliyeona kwamba hakuna kilima?

5. Kikundi chenu kikipewa kamera siku moja tu, mngeonyesha nini cha kijiji chenu, ili watu wa kijiji cha pili wawajue ninyi kabla ya kusikia maneno ya wengine juu yenu?